Lifti ya Sarafu

Lifti ya jengo letu hapa Kutaisi hula sarafu.
Bila sarafu haitikisiki, hata uibembeleze vipi.
Leo mfukoni nina funguo, lozi mbili za jana,
risiti ya duka la dawa.
Sarafu, hakuna.
Haya, goti, twende. Ghorofa ya sita.
Vidato mia na nane.

Kidato cha kwanza, halikusema kitu.
Cha tano, likasaga meno.
Cha kumi na moja, likaniita kwa jina kamili,
Murtaz mwana wa Shalva,
kama karani anayedai deni.

Na deni ninalo.
Miaka ishirini na miwili nilicheza ngoma za milimani,
kofia ya manyoya, jambia kiunoni,
naruka, nageuka hewani, nashuka kwa magoti,
mbao za jukwaa zinalia ta!
na ukumbi mzima unasimama.
Sikuwahi kumpigia mtu magoti.
Niliyapiga sakafuni tu, nikalipwa makofi.
Nilidhani kupiga magoti ni mimi kuyapiga.
Sasa zamu yao.

Kikulacho ki nguoni mwako:
changu kimo ndani ya suruali, upande wa kulia,
na mvua ikikaribia huumuka kama unga wa mkate.

Tsiala wa ghorofa ya tano aliniletea majani ya kabichi,
nilifunge usiku kucha. Nikalifunga.
Asubuhi lilinuka supu.
Binamu Gocha akaleta chacha, pombe ya zabibu, nilisugue.
Robo nikasugua, robo tatu nikanywa,
na goti, haki ya Mungu, halikujua tofauti.
Kisha nikalala miezi miwili, nikilitunza kama yai.
Likakaza kama bawaba ya lango lililosahauliwa.

Ndipo nikaenda kwa Eteri, kliniki ya nyuma ya stesheni.
Binti mwembamba, mikono ya mkanda unga.
Akainua picha ya eksirei dirishani:
"Hapa gegedu limelika. Hapa bado lipo."
"Litaota tena?"
"Halioti."
Hakunidanganya. Nikampenda hapo hapo.

"Lakini sikiliza, mzee. Goti halibebi peke yake.
Paja ndilo punda.
Ukimnyima punda chakula, mzigo wote humwangukia goti.
Keti kitini, nyoosha mguu, uinue,
hesabu kumi, ushushe polepole, kama unamlaza mtoto.
Likiuma kidogo, vumilia.
Likiuma mpaka kesho yake, ulizidisha, punguza.
Tembea kila siku, hata mpaka sokoni tu.
Vidonge, umeze ukishakula.
Na hilo tumbo," akalitazama bila haya,
"kila kilo yake, goti huhesabu nne.
Siku likiwa jekundu, la moto, na homa juu,
usingoje kabichi. Njoo mbio."

"Mbio?" nikamuuliza.
Akacheka, mimi nikacheka baadaye, njiani.

Akanifundisha pia ngazi, kama anayefundisha alfabeti:
kupanda, mguu mzima hutangulia;
kushuka, mgonjwa hutangulia.
Mimi niliyewafunza vijana arobaini kuruka
nikashika chuma cha ngazi
nikajifunza kupanda.

Kidato cha sabini na mbili. Ghorofa ya nne.
Napumua kama mvukuto.
Nyuma ya mlango, nyaya zinalia, lifti inasimama,
mle ndani Tsiala na kabichi zake:
"Ingia, Murtaz! Nilisikia miguno yako tangu chini."
Nikavitazama vidato thelathini na sita vilivyobaki.
Zamani ningevipanda kwa hasira.
Nikaingia.

Usiku televisheni ilionyesha vijana wa kundi letu la zamani.
Wanaruka, wanageuka.
Walipokuwa wanashuka nilifumba macho,
nikasikia tu ta! ta! ta!
na makofi.

Nilikuwa kitini, mguu umenyooka hewani.
Saba. Nane.
Paja likaanza kutetemeka, yule punda wangu mzee.
Tisa.
Usishushe bado.
Kumi.